Fundi rangi mgeni, anza na bati

Vijana wengi mnaoingia kwenye kazi hii hapa Tanga mnaanza na kadi ya rangi ya dukani. Mteja anaonyesha kidole, fundi anachanganya. Mimi nasema inua macho kwanza: bati la nyumba ni rangi gani? Bati halitabadilishwa mwaka huu, kwa hiyo ndilo linalokuonyesha pa kuanzia kwenye duara la rangi.

Duara lenyewe si gumu. Nyekundu, manjano na buluu zimeachana sawasawa; kati yake zimo chungwa, kijani na zambarau, halafu za katikati mpaka zitimie 12. Za jirani husikilizana zenyewe. Zinazotazamana, kama nyekundu na kijani, kila moja huizidishia nyingine ukali.

Sasa chukua nyumba ya Ngamiani yenye bati la damu ya mzee, na mama mwenye nyumba anataka kuta za kijani. Usimkatalie. Kijani kikali kama kilivyotoka kwenye kopo kitagombana na bati lile mtaa mzima uone. Tia nyeupe kwa wingi, kisha tinta nyekundu, ile rangi nzito ya kuchanganyia, tone moja moja huku unakoroga. Nyekundu iko ng'ambo ya kijani kwenye duara, ndiyo maana inakipunguza makali. Wengi hukimbilia nyeusi, na mimi siipendi: kijani kinakuwa kama ukuta umeota ukungu. Fremu za madirisha zipige nyeupe, yatosha.

Kuna mteja atakayeapa kwamba rangi ya ukutani siyo aliyochagua. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliletewa lalamiko la namna hiyo kwenye karakana ya ufumaji ya Gobelins, Paris, kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akakuta nyeusi haina kosa. Rangi zilizofumwa pembeni yake ndizo zilizoibadilisha sura. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka 1839.

Ndiyo maana rangi haijaribiwi kwenye karatasi nyeupe. Paka ukutani, karibu na bati, kipande cha ukubwa wa mlango, ukipake mara mbili, kikauke. Mwenye nyumba akitazame asubuhi, akitazame tena jioni, kwani jua la jioni huongeza umanjano. Akikubali, changanya ya nyumba nzima kwa mkupuo mmoja, maana rangi ya kukoroga kwa mkono hairudi ile ile, na umwachie kopo moja la kuzibia madoa.