Jibini, ukwaju na asali ya Tabora

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ukiweka jibini mezani siku ya sikukuu, utaishushia na kinywaji gani?" Ninawajibu kutoka Cheyo, Tabora mjini. Meza yangu ya Krismasi hukaliwa na ndugu zangu Wakristo na shemeji zangu Waislamu wanaotoka Isevya, kwa hiyo jibu langu halianzi na chupa ya mvinyo. Linaanza na jagi la ukwaju.

Jibini ni mafuta na chumvi. Mafuta hutanda ulimini, na cha kuyakata ni uchachu. Wafaransa kazi hiyo huipa mvinyo mweupe usio na sukari. Ukwaju unaiweza vilevile, mradi umechujwa vizuri, umepoa, na sukari ni kidogo, maana ikizidi uchachu hufunikwa na ladha ya mafuta inabaki mdomoni. Kwa jibini changa na laini, kama mozarela, sijapata kinywaji kinachoushinda.

Mvinyo mwekundu nao nauheshimu, hasa wa kwetu Dodoma, unaotokana na zabibu ya Makutupora. Ila unataka jibini yake. Mwaka wa kwanza wa kuweka jibini mezani nilifungua ule mkavu nikaupanga na jibini changa, na wifi yangu akaniambia waziwazi: "Mdomo wangu kama nimelamba sarafu." Alisema kweli. Mvinyo mwekundu una tanini, yaani ukakasi ule unaokausha ulimi kama unapotafuna ndizi mbichi. Tanini hushikana na protini na mafuta, na jibini changa iliyojaa maji haina vya kutosha. Jibini ya cheda iliyokaa miezi kadhaa inavyo, au ya Gouda iliyo ngumu. Hapo ukakasi hulainika na mvinyo wenyewe unakuwa mzuri zaidi. Sasa, tanini hizo zimo pia katika majani ya chai. Chai ya rangi nzito, bila sukari, pamoja na kipande cha cheda: shemeji yangu mkubwa aliionja mwaka juzi, na tangu siku hiyo akifika huuliza chai kabla hajaulizia wali.

Fahari yangu lakini ni asali. Waingereza wakati wa Krismasi hula Stilton, jibini yenye mishipa ya ukungu wa buluu, kwa mvinyo mtamu wa Port. Wafaransa nao huipanga Roquefort, jibini yao ya ukungu wa buluu, na mvinyo wa Sauternes, ambao pia ni mtamu. Njia ni ileile: chumvi kali hutafuta utamu. Nani basi ana utamu kuliko sisi, tulio na misitu ya miombo na mizinga ya Sikonge? Chukua cheda yenye chumvi, idondoshee asali ya miombo, ile nzito ya rangi ya kahawia, kisha weka pembeni embe lililoiva, kwa kuwa Desemba ndio msimu wake. Anayekunywa pombe mpe glasi ndogo ya wanzuki, pombe ya asali waliyoinywa wazee wetu. Asiyekunywa mpe maji ya tangawizi yaliyotiwa asali. Sioni kwa nini mgeni wa Tabora atafutiwe Port.

Jambo moja nawaomba wenyeji wenzangu tusilifanyie mzaha. Jibini nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya, na kile cha asili hutoka tumboni mwa ndama. Jibini ya Parmigiano Reggiano ya Italia, kwa kanuni zake, haitumii kingine. Siku hizi vipo pia vinavyotokana na kuvu. Mgeni Mwislamu ana haki ya kujua anakula nini, kwa hiyo soma karatasi ya jibini dukani kabla ya kulipa, na usipoelewa, iache.

Mimi nimekwepa swali hilo kwa kuigandisha mwenyewe. Mkesha wa sikukuu nanunua lita tano za maziwa ya ng'ombe asubuhi. Nayachemsha, naepua, natia maji ya ndimu kidogokidogo huku nakoroga polepole, mpaka mabonge yajitenge na maji yawe ya kijanikijani. Nachuja kwa kitambaa safi, natia chumvi, nafunga, nakandamiza kwa jiwe zito kwa muda wa saa mbili au tatu, kisha kwenye friji. Usitarajie zaidi ya kilo moja. Siku ya pili itoe nusu saa kabla ya wageni kukaa, kwani jibini iliyo baridi sana haina harufu wala ladha. Yale maji yaliyochujika msiyamwage. Mimi huyakandia unga wa maandazi ya asubuhi.

Msomaji wenu, Cheyo, Tabora