Kwa nini 3 na 4 huweza kuwa 5: jibu kuhusu vekta na skala

Ndugu yangu, umeeleza kwamba umeihifadhi vizuri fasili isemayo kuwa vekta ina ukubwa na mwelekeo ilhali skala ina ukubwa peke yake, na bado maswali ya mtihani yanakushinda; tena umeuliza kwa nini mkondo wa umeme huitwa skala wakati kila siku tunauchorea mishale. Nami nilikuwa katika hali hiyo hiyo nilipokuwa kidato cha pili. Niliulizwa kuhusu mtu aliyetembea mita 3 kuelekea mashariki, kisha mita 4 kuelekea kaskazini, yuko mbali kiasi gani na alipoanzia, nikajibu mita 7, kumbe jibu sahihi ni mita 5. Baada ya kufundisha fizikia kwa miaka kadhaa ninaamini kwamba fasili ile si ya uongo, ila inaacha jambo la msingi zaidi, yaani namna vipimo hivyo vinavyojumlishwa.

Mimi nililielewa jambo hilo kwa kukumbuka mto. Nilikulia karibu na Rufiji, na tangu utotoni nilimwona mvushaji akielekeza omo ya mtumbwi, yaani ncha yake ya mbele, upande wa juu maji yanakotoka, wala si kwenye kivuko cha ng'ambo alikotaka kufika. Tuchukulie mto una upana wa mita 120, mtumbwi unakwenda mita 1.2 kwa sekunde katika maji yaliyotulia, na maji yanateremka mita 0.5 kwa sekunde. Akipiga kafi huku omo ikitazama moja kwa moja ng'ambo, atavuka kwa sekunde 100, na katika sekunde hizo maji yatakuwa yamemteremsha mita 50. Mtu aliyesimama ukingoni ataona mtumbwi umepita njia ya mshazari yenye urefu wa mita 130, kwa kasi ya mita 1.3 kwa sekunde, si 1.7, kwa sababu mwendo wa maji umeukata ule wa kafi kwa pembe mraba. Akitaka kufika mkabala na alipoondokea, hana budi kuelekeza omo juu ya mto kwa pembe ya takriban nyuzi 25, na hapo atatumia sekunde 110 hivi. Neno vekta lenyewe limetoka katika Kilatini, na maana yake ni mchukuzi, jambo ambalo hunifurahisha kila ninapoukumbuka mtumbwi ule.

Kani, yaani nguvu za kuvuta au kusukuma, nazo hufuata kanuni hiyo hiyo, na hili unaweza kulijaribu leo nyumbani. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa karibu nyutoni 200 (nyutoni ni kipimo cha kani). Watu wawili wakiininginiza kwa kamba mbili zilizosimama wima, kila mmoja anabeba nyutoni 100. Wakianza kuachana, kila mmoja anahisi mzigo ukiongezeka, na kamba zinapofika nyuzi 60 kutoka kwenye wima, kila kamba inavuta nyutoni 200, kana kwamba kila mmoja ameibeba ndoo nzima peke yake. Maji hayakuongezeka hata tone. Ni pembe tu iliyobadilika, na ndiyo maana ninawasihi wanafunzi wachore mishale kwa vipimo sahihi, mkia wa mshale wa pili ukianzia kwenye ncha ya wa kwanza, kabla ya kugusa kanuni yoyote.

Skala haziijui pembe. Kilo 3 za mchele na kilo 4 ni kilo 7, hata uzimimine kutoka upande gani. Alama ya kutoa pia isikudanganye, kwa maana halijoto ya nyuzi 5 chini ya sifuri haielekei popote. Ni nafasi tu kwenye kipimio.

Sasa turudi kwenye mkondo wa umeme. Ni kweli una upande unakotiririkia katika waya, lakini tazama mahali nyaya tatu zinapokutana: ampea 3 zikiingia kwa waya mmoja na ampea 4 kwa mwingine, waya wa tatu utatoa ampea 7, na ukizikunja nyaya hizo zikakutana kwa pembe mraba, au kwa pembe yoyote nyingine, zitabaki ampea 7, na ndiyo maana mkondo huitwa skala.