Koti la mvua lenye bitana ya sufu: mambo ya kujua kabla hujakalia cherehani

Mwaka 1823 mkemia wa Glasgow, Charles Macintosh, alipata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji: mpira ulioyeyushwa na kupakwa katikati ya vitambaa viwili. Kitambaa kilizuia maji, lakini makoti yakavuja. Kila pigo la sindano liliacha tundu, na pale kitambaa kilipokuwa cha sufu, mafuta ya asili ya sufu yaliula ule mpira taratibu. Leo kwenye makoti mengi mpira umeondoka, utando mwembamba wa plastiki umeshika nafasi yake. Wewe unayeanza kazi utakutana na mambo yaleyale mawili: tundu la sindano, na sufu iliyowekwa mahali isipostahili kuwa. Kitambaa hupimwa kabla hakijafika mezani kwako, kwa hiyo koti likivuja, mshono ndio wa kwanza kuulizwa.

Kijue kitambaa chenyewe. Mara nyingi ni tabaka tatu zilizogandishwa: nailoni au poliesta nje, utando katikati, na kitambaa chepesi cha kuulinda utando kwa ndani. Kwenye robota utaona namba kama milimita 10,000 au 20,000. Hicho ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hayajapenya. Tundu moja la sindano linaifuta namba hiyo papo hapo lilipo. Ndiyo maana pini hazitumiki hapa, tunashika kwa vibanio, na alama zote huchorwa ndani ya akiba ya mshono, yaani ukingo wa kitambaa unaobaki nje ya mstari wa mshono. Ukishona vibaya ukafumua, matundu hayajifungi. Yakibaki nje ya eneo litakalofunikwa na tepe, ule ukanda unaogandishwa kwa joto juu ya mshono kuziba matundu, kipande hicho kibadilishwe. Sema mapema, hata kama inauma. Kipande kimoja ni rahisi kuliko koti zima.

Sindano iwe nyembamba, namba 70 hadi 80, yenye ncha ya mviringo. Iliyobutuka haitoboi, inachana, na mchaniko hauonekani mpaka siku ya mvua. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba hufyonza maji kama utambi wa taa. Mapigo 3 hadi 4 kwa sentimita yanatosha. Ukiyabananisha zaidi unakitoboa kitambaa kama kitabu cha tiketi za basi, na hapo ndipo kitachanika.

Sasa tepe, na hapa nenda polepole, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapokosea. Tepe ya upana wa milimita 22 ikipita katikati ya mstari wa mshono, inafunika milimita 11 kila upande. Akiba yako ikiwa milimita 6 na imelala upande mmoja, zinabaki milimita 5 za tepe kushika kitambaa chenyewe. Ukiacha akiba ya milimita 10, inabaki milimita 1 tu. Tepe itaonekana imekaa vizuri mezani, koti litafuliwa mara mbili tatu, kisha ukingo unainuka na maji yanapata njia. Punguza akiba kwa mkasi mkali, usawa uleule toka mwanzo hadi mwisho, bila kuacha nyuzi zinazoning'inia. Uzi uliolala chini ya tepe ukatokea upande wa pili ni mfereji.

Mashine ya tepe hupuliza hewa ya moto, mara nyingi nyuzi joto 400 hadi 600 za Selsiasi kwenye mdomo wake, kisha magurudumu mawili hugandamiza. Mwendo huwa mita 3 hadi 6 kwa dakika. Usiige mpangilio wa mwenzako wa mashine ya pili. Kila kitambaa na kila tepe ina joto lake. Anza na kipande cha majaribio, kiache kipoe kabisa, kisha vuta tepe kwa mkono. Ikibanduka safi, joto lilikuwa dogo au mwendo ulikuwa mkubwa. Ikiondoka na kitambaa cha ndani, imeshika. Vipovu au mikunjo inayong'aa maana yake umeunguza, au kitambaa kilikuwa na unyevu. Ukilazimika kusimama katikati ya mshono, anza tena ukirudi nyuma sentimita 2 au 3 ili tepe zipandane.

Fuata mpangilio wa kazi. Kila mshono utiwe tepe kabla haujavukwa na mwingine: mabega kwanza, kisha mikono, kisha ubavu. Kwapani mishono minne hukutana, unene unapanda, na gurudumu linaruka bonde lililo kando ya ule unene. Hapo bandika kiraka cha ziada kwa mashine ya kugandamiza.

Bitana ya sufu ina tabia zake. Chora mraba wa sentimita 50 kwa 50, upige mvuke, uache upoe, upime. Ukikuta 48.5, sufu imesinyaa asilimia 3, na bitana ya namna hiyo itavuta koti likunjamane mgongoni baada ya kufuliwa. Sufu hiyo ipigwe mvuke na ilazwe bila kuvutwa, usiku mzima ikiwezekana, kabla ya kukatwa. Hata iliyotulia ikatwe kwa nafasi: ongeza sentimita 1.5 hadi 2 za urefu na weka tabo (mkunjo wa kuacha nafasi) katikati ya mgongo. Kwenye mikono usiweke sufu. Inang'ang'ania shati, mvaaji anasukuma mkono kwa nguvu, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye mshono wa bega. Tumia kitambaa laini cha poliesta.

Kosa kubwa kuliko yote ni kushusha sufu hadi kwenye pindo. Sufu hubeba mvuke wa maji wa karibu asilimia 30 ya uzito wake bila mkono kuhisi unyevu, na ukingo wake ukigusa maji huyapandisha juu. Fikiria mpagazi wa Kilimanjaro: mvua inamkuta msituni juu ya Machame, baridi ya kugandisha inamngoja kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600. Koti lililonyonya maji pindoni asubuhi ni hatari kwake usiku. Kwa hiyo ishie sentimita 4 au 5 juu ya pindo, na hapo chini weka mkanda wa kitambaa kilekile cha nje. Fanya hivyo hivyo kwenye vifundo vya mikono.

Bitana hushonwa peke yake mpaka ikamilike, ipigwe pasi peke yake, ndipo iunganishwe na koti ambalo tayari limetiwa tepe lote. Kitanzi cha kutundikia kishonwe kwenye bitana tu. Na ule utepe mdogo wa kitambaa unaoishikiza bitana kwapani usipate hata pigo moja la sindano juu ya mshono uliofungwa: ushone kwenye kiraka kidogo cha kitambaa cha nje, kisha gandisha kiraka kwa tepe na joto.

Sindano ikivunjika, simamisha kazi na utafute vipande vyote mpaka sindano itimie. Ncha iliyofichwa ndani ya sufu itatoboa utando, au itamchoma mtu.

Ukaguzi ufanyike kabla ya kutia bitana, wakati mshono bado unaonekana. Kipimo kinachotumika sana ni shinikizo la bar 0.2, sawa na maji ya kina cha mita 2, kwa dakika 2. Anza na kwapa, kisha kofia inapokutana na kola, kisha mwisho wa zipu. Tone likitokea katikati ya tepe, kuna tundu au umeunguza. Likitokea ukingoni, maji yamesafiri chini ya tepe, na yalipoingilia panaweza kuwa mbali na hapo. Fuata mstari kwa kidole mpaka uhisi palipoinuka. Usibandue na kurudia, kwa kuwa utang'oa utando. Bandika kiraka juu yake, ukikate mviringo, maana pembe kali ndizo huanza kuinuka.