Usigawanye kila kitu kwa spektra ya tesla sifuri!

Hapana hapana ndugu yangu, hebu simama hapo kwanza. Unataka kupima mwanga wa infraredi ya mbali unaopita kwenye sampuli ndani ya sumaku kali, na umeuliza taa ya zebaki au globa (kijiti kinachopashwa moto kikatoa mwanga huo), Mylar (utando wa plastiki unaogawa mwanga) ya unene gani, spektromita (mashine inayopima mwanga kwa kila masafa) ikae mbali kiasi gani na sumaku, lakini katikati umepitisha haraka haraka kwamba refarensi, yaani kipimo cha kulinganishia, utapima mara moja tu uga wa sumaku ukiwa tesla sifuri (tesla ni kizio cha uga), halafu spektra zote unazigawanya kwa hiyo. Hapo ndo utaumia.

Mi nilifanya hivyohivyo. Siku tano kwenye sumaku ya zile zinazokula megawati 20 na zaidi, sampuli ya galiamu aseniki, bolomita ya silikoni (detekta inayohisi mwanga kwa joto lake) imekaa chini ya sampuli humohumo kwenye heliamu, na kila tukipandisha uga naona spektra inabonyea zaidi, nikafurahi mpaka nikapiga simu nyumbani. Kumbe lile bonde halihami! Mstari wa saiklotroni, yaani pale elektroni zinazozunguka ndani ya uga zinaponyonya mwanga, kwenye galiamu aseniki lazima usogee kama mawimbi 14 kwa sentimita kila ukiongeza tesla moja, yaani tesla 10 uwe karibu 140, tesla 15 karibu 210, bonde langu limeganda palepale siku zote tano. Ilikuwa ni bolomita. Ikiwa ndani ya uga ukinzani wake unabadilika, usikivu unabadilika, hata kasi yake, na kwa kuwa kioo cha spektromita kikitembea kila masafa yanageuka mdundo wake, detekta ikizubaa ile midundo ya haraka inapungua na spektra inapinda yenyewe. Ni kupima unga kwa mizani ambayo jiwe lake linabadilika kila ukigeuka.

Na aliyeniambia "gawanya kwa sifuri, wote tunafanya hivyo" yeye alizoea detekta iliyokaa mbali kabisa na sumaku, hilo hakulisema. Nina hasira naye mpaka leo, maana ilibidi niombe zamu upya kuanzia fomu ya kwanza.

Sasa sikia. Kila uga pima mara mbili, sampuli yako na kipande kitupu cha kibebeo chake kwenye tundu la ukubwa uleule. Sampuli ya tesla 10 gawanya kwa kitupu cha tesla 10, ya tesla 15 kwa kitupu cha tesla 15, ndipo ulinganishe na sifuri. Muda unakuwa mara mbili, kubali tu, hata kama itabidi upunguze idadi ya sampuli.

Taa chukua ya zebaki kama unashuka chini ya 100 kwa sentimita. Ila leo hiihii waandikie wa maabara uwaulize kama kishikio chao cha sampuli kinazunguka kikiwa ndani ya baridi, ili ubadilishe sampuli na kitupu bila kukitoa, kama hakizunguki waombe wakutengenezee kabla hujakata tiketi.