Mkuu mwambie shemeji leo leo, hao wa fikra chanya watakuponza

Mkuu nimesoma uzi wako nimepandwa na hasira, sio kwako, kwa hao wanaokujaza maneno. Umepunguzwa kazi, shemeji, yaani mke wako, hajui, kila asubuhi unapiga pasi shati unatoka kama kawaida, halafu unatuuliza ubakije na fikra chanya, kama mradi wa kuku unalipa, na kama uhamie Morogoro. Achana na kuku kwanza. Watoto wakishalala leo, mwambie.

Mimi nilipigwa chini hapa hapa Dar. Wikiendi ile ile nikaenda semina ya jamaa mmoja wa motivesheni, kiingilio nimelipa, akatuambia ukitangaza tatizo unalikuza, mshindi halalamiki, usigeuke nyuma. Nikamuamini kabisa aisee. Nikawa nashinda Posta, jioni narudi namlalamikia mke wangu foleni ya Mbagala ambayo wala sijaiona, na hela ilipokata nikachukua kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonga, ili nyumbani waone mshahara umeingia.

Huo mkopo niliulipa ukaisha. Ambacho mpaka leo kinaniuma ni hiki: ukiona umeachishwa isivyo halali una siku 30 tu za kupeleka mgogoro wako CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mambo ya kazi, na mimi nilikuwa sijui, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtu wa chama cha wafanyakazi kazini kwao, haya mambo anayajua nje ndani, angeniambia siku hiyo hiyo kama ningefungua mdomo, ila mimi niko bize kuwa mshindi. Nakuja kusema, siku zimeshapita. Kuna fomu ya kuomba usikilizwe nje ya muda, nikajaza, lakini wanataka sababu ya msingi, na kukaa kimya kwa ushauri wa semina kwao sio sababu. Ombi likatupwa. Na kiinua mgongo chenyewe kumbe walinipunja, sheria inataka angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza, mpaka miaka 10, wao walipiga hesabu zao wanazozijua wenyewe na mimi nikasaini nikashukuru!

Yule jamaa bado anajaza kumbi. Anachukua hela ya mtu aliyefiwa na kazi yake, anamkataza hata kulia, anamrudisha nyumbani akamdanganye mkewe. Mtu ana haki ya kusema nimeumia, na akishasema ndio kichwa kinaanza kufanya kazi. Mke wangu alilia, tena kilichomliza ni uongo kuliko kazi, halafu kesho yake asubuhi yeye ndio kakaa na daftari tukapanga kodi, ada, na nani wa kupigiwa simu. Usiku ule nililala, mimi ambaye nilikuwa nakesha naangalia dari.

Kwa hiyo mkuu sema kwanza, kabla hujakopa, kabla hujasaini karatasi yoyote ya ziada, kabla hujaenda kwa spika yeyote. Ukimaliza nenda NSSF ukaulize fao la kukosa ajira. Mambo ya banda na kuhamia Morogoro wadau wengine watakujibu.

Barua yako ya kuachishwa ina tarehe gani? Weka hapa sasa hivi tuhesabu zimebaki siku ngapi.