Nilipungua kilo 17, na bado nikawa napita ubavu sokoni

Dada uliyeuliza jana, uliyepungua kilo 11 lakini bado unazima taa ndipo ubadilishe nguo, huku majirani wanakupa pole kama umefiwa: nakujibu kwa urefu maana swali lako nimelivaa mwenyewe.

Mimi ni binti wa kambini, baba alikuwa askari Jinja, ndiko kilikotoka Kiswahili changu. Sasa nauza suruali za mivumba, yaani mitumba, katika soko la Owino, Kampala. Nilianza na kilo 96 na presha iliyomfanya daktari anyamaze kwanza. Nikapunguza matoke kutoka mlima hadi nusu sahani, rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, ikawa ya Jumapili, na asubuhi nikawa natembea badala ya kupanda boda. Miezi 11, kilo 79. Ya chakula naishia hapo, yamejaa kila mahali.

Vijia vya Owino ni vyembamba, mtu mnene hupita ubavu. Siku moja kijana anayenisaidia akacheka: "Mama, mbona unatembea kama kaa? Njia si inakutosha?" Nikasimama palepale na mzigo kichwani. Kweli, nafasi ilikuwa imebaki huku na huku. Mwili ulishahama, mimi bado nalipa kodi ya nyumba ya zamani. Tangu hapo nikajua kwamba nikijitazama kwenye kioo, ninayemwona ni yule wa kilo 96, na siwezi kumfukuza kwa kuacha kula zaidi. Nilijaribu, bambi. Siku mbili kwa chai ya rangi, ya tatu nikaanguka karibu na meza ya mwenzangu. Kama umeanza kutapika chakula kwa makusudi, au siku zako zimekatika, hapo usisubiri majibu ya watu kama sisi, mtafute daktari.

Sasa hao majirani. Hapa Uganda ukiambiwa "ogezze", umenenepa, umesifiwa: mambo yako yanakwenda. Ukiambiwa "okozze", umekonda, mtu anauliza bila kuuliza. Miaka ya 1980 Ukimwi ulipoanza kutumaliza uliitwa Slim, na jina hilo bado limelala machoni mwa wazee. Ssenga wangu, yaani shangazi, alinifuata jikoni akaninong'oneza kama nimeanza dawa. Nilikwenda kupima ili nimwonyeshe karatasi, halafu njiani nikaona aibu. Namthibitishia nini? Na wanaoishi na virusi wamenikosea nini hata niwakimbie hivyo? Wengi wanaomeza dawa vizuri siku hizi wana afya kunizidi. Karatasi sikumwonyesha. Nilimwambia, "Ssenga, presha imeshuka," nikamwongezea chai.

Wala usitafute kipimo kwenye midomo ya watu. Mwaka 2019 waziri mdogo wa utalii alizindua shindano la Miss Curvy, wanawake wenye maumbo wawe kivutio kama gorila wa msitu wa Bwindi, nchi nzima tukagombana. Wakati huohuo wateja kwangu walikuwa wanadai suruali ya kubana tumbo.

Namba nazo zilinitesa mpaka kazi yangu ikanifundisha, nikashangaa nilivyochelewa. Fungua robota: suruali ya Uingereza imeandikwa 14, ya Marekani inayokaribiana nayo 10, ya Ulaya 42. Kiuno kilekile! Mimi ndiye ninayewaambia wateja wasisome lebo, wajaribu nguo, halafu nyumbani nalia juu ya mzani. Na mzani wenyewe hupanda kilo moja au mbili kwa maji tu, ukila chumvi nyingi au siku zako zikikaribia. Sasa naupanda Jumatatu asubuhi, basi. Kati yake natumia futi ya fundi cherehani, na ngazi za nyumbani kwangu, ambazo zamani nilizipanda kwa vituo viwili.

Tumbo uliloliandika, lile linaloning'inia, ninalo. Mafuta hayo ya kupaka wanayotembeza sokoni sikuona yakifanya kitu, na pesa yangu ilikwenda. Ngozi iliyovutwa miaka mingi hairudi yote, na michirizi hufifia rangi lakini hubaki. Nililolifanya ni kuacha kujitazama kwa kuvizia. Kila jioni nikioga, taa imewaka, najipaka mafuta tumboni polepole kama ninavyompaka mtoto. Wiki za kwanza nilifumba macho, sikufichi. Sikufika mahali pa kulipenda hilo tumbo, ila siku hizi namaliza kulipaka huku nawaza bei ya mchele.

Na ubavu? Juzi nimepita ubavu tena, nikajikamata katikati ya kijia, nikageuka nikatembea kifua mbele. Mwanamke aliyekuwa anakuja upande wa pili akanikasirikia: "Nnyabo, sogea kidogo!"