Mtungi wa Keats haukuwa wa udongo, na maswali mengine

Katika safu iliyopita niligusia kwamba karne ya 19 ilipenda mno kuvitungia mashairi na kuvichora vyombo vya ufinyanzi. Nilidhani nimepita tu. Maswali yaliyokuja yanaonyesha sikupita, kwa hiyo leo nayajibu.

Mwanangu yuko kidato cha tano, wamepewa shairi la Keats kuhusu mtungi wa Kiyunani. Mtungi wenyewe uko makumbusho gani? (Mama, Morogoro)

Hauko popote, mama. Mshairi Mwingereza John Keats alitunga shairi hilo mwaka 1819, akiwa na miaka 23, na chombo anachokisemesha alikiunga kichwani kutokana na vingi alivyoviona. Alinakili kwa mkono mchoro wa chombo cha Sosibios, kilichoko Louvre, Paris. Tena alizijua vizuri sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athene, ambazo Makumbusho ya Uingereza yalizipata mwaka 1816. Sasa mwambie mwanao asome ubeti wa mwisho kwa makini: watu walioko pale ni wa marumaru. Chombo maarufu kuliko vyote katika ushairi wa karne ile hakikufinyangwa hata kidogo. Kilichongwa kwenye jiwe.

Na hili neno letu "mtungi" linampoteza mwanafunzi. Kwetu mtungi ni maji ya baridi pembeni mwa ukumbi, na kata juu yake. Chombo cha Keats, kwa jina lake la Kiingereza, "urn", kinanukia majivu ya maiti. Ndiyo maana wapenzi waliochorwa pale hawafikiani midomo, na ndama anayepelekwa kuchinjwa hafiki madhabahuni.

Bibi alikuwa na sahani za buluu zenye daraja, mti unaoinamia maji na ndege wawili. Tuliambiwa ni hadithi ya kale ya Wachina. (Tanga)

Mliambiwa kile walichoambiwa wateja wengine wote. Pambo lile lilibuniwa na viwanda vya Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, kwa kuiga vyombo vya Kichina bila kuiga kimoja hasa. Hadithi ya binti wa mkubwa anayetoroka na karani maskini, kisha wote wawili kugeuka ndege, ilikuja nyuma ya sahani. Ilichapishwa katika jarida moja la Kiingereza mwaka 1849. Sahani zilikuwa zimeshajaa makabatini, ndipo akapatikana wa kuzitungia ngano.

Kilichowezesha hayo ni karatasi. Badala ya fundi kuchora kila sahani kwa brashi, picha ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikabandikwa kwenye sahani. Buluu ile ile ikaingia nyumba ya tajiri na ya kibarua.

Oscar Wilde alisema nini kuhusu vyombo vya buluu? (Nairobi)

Inasimuliwa kwamba mwandishi huyo, akiwa mwanafunzi Oxford, alilalamika kuwa kila siku inazidi kumwia vigumu kuishi kwa hadhi inayostahili vyombo vyake vya buluu. London ilikuwa na wazimu huo kweli. Mchoraji Whistler alikipaka chumba kizima cha tajiri mmoja, 1876 hadi 1877, dhahabu na tausi kila upande, kwa kisingizio cha kupendezesha rafu za kaure. Wakagombana vibaya kuhusu malipo. Chumba hicho sasa kiko Washington.

Kwa nini washairi hawachoki kumfananisha Mungu na mfinyanzi? (Bujumbura)

Kwa sababu vitabu vitakatifu viliwatangulia. Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi, na Qur'ani inasema mtu aliumbwa kwa udongo mkavu mfano wa vyombo vya mfinyanzi. Karne ya 19 iliongeza ubishi. Katika tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald ya mshairi Mwajemi Omar Khayyam, iliyotoka mwaka 1859, vyungu vinajadiliana dukani mwezi wa Ramadhani ukielekea kwisha, na kimoja kilichopinda kinauliza: wananicheka kwa kupinda kwangu, je, mkono wa Mfinyanzi ulitetemeka? Miaka mitano baadaye mshairi Mwingereza Robert Browning akajibu kwa sauti ya rabi mzee kwamba gurudumu linazunguka, udongo na Mfinyanzi wanabaki. Mimi niko upande wa kile kilichopinda.

Lakini angalieni jambo moja. Washairi hao wote ni watu wa kununua vyombo. Hakuna aliyekuwa na udongo chini ya kucha.

Ni kweli kuna mtumwa Marekani aliyeandika mashairi kwenye mitungi? (Mombasa)

Ni kweli, na ningependa jina lake lijulikane kama la Keats. Aliitwa Dave, akafanya kazi katika majoko ya kuchomea vyombo ya Edgefield, South Carolina. Alipopata uhuru alijulikana kama David Drake. Kazi yake ilikuwa balasi kubwa za kuhifadhia nyama ya chumvi na mafuta. Mbili alizotengeneza Mei 1859 zinabeba karibu lita 150 kila moja, mzigo wa udongo ambao mtu mmoja hauwezi peke yake.

Udongo ukiwa bado mbichi, alichukua kijiti akaandika begani mwa chombo: tarehe, jina lake, na mara nyingine mistari miwili yenye vina. Balasi ya kwanza yenye shairi na tarehe ni ya Julai 1834, na shairi lenyewe ni la kazi tu, linasema chombo kitachukua kiasi gani. Mwaka huo huo South Carolina ilipitisha sheria ya kuwaadhibu waliowafundisha watumwa kusoma na kuandika. Yeye akaandika mahali ambapo kila anayekuja kuchota nyama atapaona.

Agosti 1857 aliandika, kwa maana yake, kwamba anajiuliza wako wapi ndugu zake wote, kisha akawatakia urafiki watu wote na kila taifa. Watumwa waliuzwa familia zikatawanyika, na malalamiko hayo yalichomwa jokoni yakauzwa pamoja na chombo. Mwaka 2021 balasi yake moja ilifika dola milioni 1.56 mnadani. Sijui niseme nini juu ya bei hiyo.

Mbona hutaji Pwani? (Lamu)

Nilikuwa nawangoja. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, kwa kawaida huwekwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, unaporomoka. Mshairi anawakumbuka matajiri walioandaa karamu kwa vyombo vya Sini, yaani China, vya kuteua, kila kikombe na nakshi yake. Beti chache mbele, madaka, yale mashimo ya ukutani yaliyopangwa sahani, yamekuwa viota vya makinda ya ndege, na bundi anakoroma ndani ya nyumba.

Hebu tazama alivyofanya. Sahani hakuzivunja mbele yetu. Alituonyesha kidaka kitupu, na kila Mpwani aliyemsikiliza alijua kilichokuwa kimekaa pale. Kidaka kilikuwa heshima ya nyumba, na kwa wengi kinga pia: jicho baya likiingia, heri ipasuke sahani kuliko adhurike mtoto. Wafu nao walipewa zao, kama mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi. Keats alikisifu chombo kwa kuwa kitadumu baada yetu. Sayyid Abdallah aliyaona yakibaki mashimo ukutani.

Nina bakuli la marehemu nyanya, mkwe anasema ni la Kichina. Chini limeandikwa Maastricht. (Zanzibar)

Mkwe amekosea kwa bahari kadhaa. Maastricht ni mji wa Uholanzi, na viwanda vyake vya karne ya 19 viliuza mabakuli kama hayo mpaka kwetu. Vigae vyake huokotwa kwenye mashamba ya zamani ya karafuu Unguja na Pemba. Lisugue kwa kitambaa laini, si steliwaya. Kama lina ufa, usilitilie mchuzi wa moto, na huyo mkwe usimwachie aoshe vyombo.